Mtoto aliandika "ndaa", mimi nikamwandikia "njaa"

Ilikuwa Jumanne, skulini kwetu hapa Lamu, mapumziko ya saa nne, watoto wametoka nje kasoro wawili wa zamu waliobaki kufagia, na mimi nimekaa na mabuku 49 ya Gredi ya tatu mbele yangu. Mkono wa kulia biro nyekundu. Mkono wa kushoto hamri. Chai ya thamosi iko pembeni nimeifunika na kisahani nzi wasiingie. Nilikuwa nakimbizana na kengele, maana dakika zile za mapumziko ndizo dakika zangu za kumaki kama sitaki kwenda nazo nyumbani, na nyumbani nako kuna kazi zake.

Kazi niliyowapa ilikuwa nyepesi. Andika sentensi nne kuhusu asubuhi yako.

Buku la kumi na ngapi sijui, nikakuta hivi:

"Yeo nimeamka. Nimekosha uso. Mama asema bahari mbaya. Nna ndaa."

Nikatia duara kwenye "yeo", juu yake nikaandika "leo". Nikatia duara kwenye "nna", nikaandika "nina". Nikatia duara kwenye "ndaa", nikaandika "njaa". Chini nikaandika vile tunavyoandika siku hizi, Anakaribia matarajio. Nikatia sahihi, nikauma hamri, nikavuta buku jingine.

Tukio lenyewe ndilo hilo, halina zaidi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenigombeza, na hata mtoto mwenyewe alipochukua buku lake aliyaangalia yale maduara kidogo akalitia begini kama kawaida.

Lakini hii ni wiki ya sita, nalala nalo naamka nalo.

## Usiku ule

Baada ya Isha nilikuwa nakunja nguo, mwanangu mdogo akaja akanivuta kanga.

"Mama, nna ndaa."

Nikainuka. Sikufikiri kitu, mwili wenyewe uliinuka, nguo nikaziacha palepale nikaenda jikoni nikafunua sufuria la wali wa mchana, na mkono uko kwenye mwiko ndio lile neno likanirudia.

Ndaa.

Mchana wa siku ile ile mtoto mwingine, aliyempita wangu mwaka mmoja tu, aliniambia neno lile lile, tena yeye alilitafutia kalamu na mstari na nukta mwisho. Na mimi nikambadilishia herufi moja nikamrudishia.

Nilimsimulia mama yangu, naishi naye. Mama hakwenda skuli, alisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na mpaka leo akiandika Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele wa kesho, halafu akauliza swali moja.

"Na mwana ukampa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikarudi kwenye nguo.

## Saa mbili mpaka saa saba

Walimu wenzangu mnaijua siku ilivyo kwa hivyo sitawapitisha kwenye ratiba. Nataka tu mjue kitu kimoja, kwamba Jumanne ile ilikuwa siku nzuri. Ndicho kinachoniuma zaidi. Ingekuwa siku mbaya ningesema nilikuwa nimechoka, nimekorofishwa, kichwa kinauma. Hapana. Nilikuwa najiona mwalimu mzuri.

Kipindi cha kwanza kuna msichana alisoma sentensi nzima. Huyu tangu muhula wa kwanza alikuwa anajificha ndani ya sauti ya jirani yake, darasa likisoma kwa pamoja naye midomo inakwenda, ukimsimamisha peke yake anainama anashika pindo la mtandio. Siku hiyo nikamwekea kidole kwenye mstari nikasubiri tu. Kuku. Ana. Taga. Yai. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akarudi mwanzo akausoma tena wote kwa pumzi moja, kuku anataga yai, na akainua uso akaniangalia kama aliyeniokotea kitu nilichokipoteza. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa karibu. Kama hujawahi kumwona mtoto akisoma mara ya kwanza sijui nikueleze vipi, mshahara ni mshahara na mimi nauhitaji, lakini ukiniuliza kwa nini niko darasani mwaka wa 11 nitakupeleka kwenye ile kuku anataga yai.

Kipindi cha Hisabati akaingia punda. Fundi anajenga upande wa pili wa skuli, punda wake wa mchanga akapotea njia akatuingilia uwanjani na mafurushi yake, na wewe ukiwa na watoto 49 wa miaka minane na tisa usitegemee kuwa kuna atakayebaki kwenye kujumlisha. Kipindi chenyewe ni dakika 30. Zilikwenda kama kumi. Haya tukarudi, nimewakalisha, mara kuna ugomvi wa raba, raba yenyewe imebaki kama punje ya mbaazi, mmoja anasema yake mwingine anasema tuliikata kwa meno kila mtu nusu. Nimeamua hilo, mtoto mwingine amejikojolea na ameona haya kusema, nimemtoa polepole wenzake wasione, nimemtafutia kaptula kwenye sanduku. Nimerudi, naitwa ofisini, alama za tathmini za darasa langu bado hazijaingia kwenye mtandao na leo ndio siku ya mwisho, na mtandao wenyewe unakuja unaondoka.

Saa nne ilipofika nilikuwa nimemtuliza huyu, nimempatanisha yule, nimesomesha, nimemsitiri mtoto aliyejikojolea. Nikakaa na hamri langu na moyo mweupe kabisa.

Na hapo ndipo nilipoletewa "nna ndaa".

Nimejiuliza sana imekuwaje. Nadhani ni hivi: miaka yote hii ya mabuku, jicho langu limezoea kukimbilia lililokosewa, likifika kwenye neno lililoandikwa sawa linapita, likifika kwenye kosa linasimama, na likishasimama mkono unafanya kazi yake kabla kichwa hakijauliza mtoto anasema nini. Zamani nikifurahia hali hiyo. Nikiweza kumaliza mabuku ya darasa zima kwenye mapumziko mawili na wenzangu wanashangaa.

## Kiswahili cha kwetu

Kwa asiyekuwa wa huku Lamu: Kiamu, yaani Kiswahili chetu cha Lamu, kina mpango wake, watu hawasemi ovyo. Penye nj ya vitabuni sisi tuna nd, kwa hivyo njaa ni ndaa, njia ni ndia, njoo ni ndoo. Penye ch mara nyingi ni t, macho ni mato, kucheka ni kuteka. Jana ni yana, jua ni yua, maji ni mai. Mtoto aliyeandika ndaa hakusikia vibaya. Alisikia sawasawa kabisa, akaiandika sauti ya mamake herufi kwa herufi, na huko kusikia sauti ukaiweka kwenye karatasi ndiko tunakokutafuta Gredi ya kwanza mpaka jasho linatutoka.

Kuna mwalimu mwenzetu alikuja kutoka bara. Mwaka wake wa kwanza mtoto alimwandikia "mama aliteka sana". Akaja na buku mkononi mpaka darasani kwangu akaniuliza, mama aliteka nini, maji? Nikamwambia hapana, alicheka. Akashukuru akarudi.

Yule mgeni aliuliza kwanza. Mimi mwenye lugha yangu sikuuliza.

Na mimi yalinipata hayo hayo, ndio maana nashindwa kujisamehe haraka. Nikiwa darasa la pili nilisimama nikasema mato yananiuma. Mwalimu akaniambia mbele ya wenzangu kwamba hicho si Kiswahili, sema macho. Nikasema macho. Nikaambiwa vizuri, kaa. Miaka yote nimeibeba aibu ya lile neno, na wallahi mpaka usiku ule jikoni sikuwahi kukumbuka kwamba macho yenyewe yalikuwa yananiuma. Yaliuma. Hakuna aliyeyaangalia.

Barabara yetu kuu ya mji inaitwa Usita wa Mui. Mui ndio mji. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wetu kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa kuta zake za matumbawe na milango ya kuchongwa na vichochoro vyake, na wageni wanapita Usita wa Mui wanapiga picha na wanalitamka jina vile vile lilivyo. Na ukienda kwenye fasihi, tenzi za zamani tunazowasifia watoto wa sekondari, ngapi zilitungwa kwa lugha hii hii, zina mato ndani yake, zina mai, na tunaziwekea maelezo chini ya ukurasa kwa heshima. Mtoto wa Gredi ya tatu akiandika hivyo anapata duara jekundu.

Sisemi duara lisitiwe, na hapa ndipo ninapogongana na nafsi yangu. Mwaka 1928 kulikaliwa mkutano Mombasa kuamua Kiswahili cha vitabuni kiwe kipi, kikachaguliwa cha Unguja, na mimi sina ugomvi na hilo. Mtoto wa Lamu na wa Kisumu na wa Arusha lazima wasome kitabu kimoja waelewane. Mbele kuna KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya sita, kuna sekondari, kuna barua za kuomba kazi, na huko hakuna atakayemsubiri na yeo yake. Nikimwachia ndaa kwa mapenzi nitakuwa nimemdhulumu kwa njia nyingine. Mama mmoja aliniambia waziwazi, mwalimu, Kiamu mwanangu anakipata kwangu bure, wewe nipe kile cha mtihani. Ana haki.

Lakini ona tulivyokaa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, ya kamati ya taifa ya elimu ya Kenya, ilishasema kwamba madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha inayosemwa pale alipo. Wenzetu wa Turkana au Kisii wakisikia hivyo wanajua ni lugha gani. Sisi wa pwani tunaambiwa nyinyi mna raha, lugha yenu imo kitabuni tayari. Mtoto anaingia darasani akiamini hivyo, kwamba hapa ndipo kwao, na siku ya kwanza akifungua mdomo anaambiwa sivyo. Anayetoka lugha nyingine anajua anajifunza kitu kipya. Wa kwetu anadhani alikuwa anakosea tangu azaliwe, yeye na mamake na nyanyake.

## Sentensi nne

Jumatano niliwaambia walete mabuku tena. Nikaitafuta ile kazi nikaisoma nimeikunjua mbele yangu, na mara hii bila biro.

Karibu darasa zima waliandika chai. Nimekunywa chai na mkate wa mofa. Nimekunywa chai na mbaazi. Chai na mahamri, chai na mkate, chai kavu. Yeye ameamka, amekosha uso, halafu amekwenda moja kwa moja kwenye bahari. Mahali pa chai ameandika bahari.

"Mama asema bahari mbaya."

Ni kusi. Huanza kuvuma Aprili hivi, na ikifika Juni, Julai inakaza kwelikweli, mwenye mtumbwi au mashua ndogo hathubutu kutoka nje ya mwamba, atashinda ndani ndani kwenye mikoko akipata kipande, au atakaa barazani anaangalia maji. Nyumba inayokula kwa samaki wa leo, kesho haina samaki wa jana. Mtoto alikuwa ananieleza. Alinipa wakati, akanipa alilofanya, akanipa sababu, akanipa matokeo, kwa mpangilio usio na kosa hata moja, sentensi nne na nukta zake nne. Mimi nikaona amekaribia matarajio.

Nilipoisoma vile nikaona haya kama mtu aliyefunguliwa mlango akaingia na viatu.

## Mahamri mawili

Sasa ndio nikafanya kosa la pili, na hili nalo nimelifikiria sana.

Jumatano hiyo hiyo nilikuja na mahamri mawili zaidi, nimeyafunga kwenye karatasi. Mapumziko nikamwita anisaidie kupanga mabuku, wenzake walipotoka nikampa. Nilidhani nimefanya kwa akili.

Akaangalia karatasi akarudisha mikono nyuma.

"Nimeshiba, mwalimu."

Miaka tisa. Nimeshiba, mwalimu. Alisema kwa sauti ya mtu mzima aliyekaribishwa nyumba ya watu. Nikamwambia basi peleka nyumbani, nikamtilia begini mwenyewe, akaniacha nitie lakini hakusema ahsante na hakuniangalia.

Alhamisi asubuhi mamake akaja. Alisimama mlangoni, hakuingia, buibui ameshika kidevuni.

"Sabalkheri, mwalimu."

"Sabalkheri mamangu, karibu ndani."

"Nimekuya mara moya tu. Mwanangu amenena nini huku?"

Nikamwambia hakusema kitu kibaya, ni mtoto mzuri, anaandika vizuri. Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Sisi hatuombi, mwalimu."

Akaniaga vizuri akaondoka.

Watu wa hapa mnajua sitara ni kitu gani. Nyumba zetu zimejengwa hivyo, ukuta mnene, mlango hauangaliani na mlango, anayepita nje asione kilichoko ndani. Mtu hulala na njaa yake na asubuhi akiulizwa husema alhamdulillahi. Yule mtoto kwenye karatasi alikuwa amefungua upenyo mdogo sana, kwa mtu mmoja tu. Na mimi nilipoona, nikaenda nikaugonga mchana kweupe, na mahamri mkononi.

Chuoni sote tulisimuliwa ya Sayyidna Umar na yule mama aliyeweka mawe kwenye chungu ili watoto wadhani chakula kinaiva mpaka walale. Siku zote nikikumbuka gunia la unga alilolibeba mgongoni mwenyewe. Safari hii nimekumbuka jingine, kwamba alikwenda usiku, na kwamba yule mama hakumjua ni nani.

Kwanza sikumsikia mtoto. Nilipomsikia nikamsikia kwa kelele.

Wiki nzima sikujua nishike lipi. Nikinyamaza, yuko pale dawati la tatu upande wa dirisha, saa nne ikifika anakwenda mferejini anakunywa maji anarudi kukaa. Uji wa skuli kuna muhula unakuja na kuna muhula hauji, huu haujaja. Pesa ya serikali kwa mtoto wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, na hiyo ni ya vitabu na kuendesha skuli wala si ya chakula, lakini hata ungeigawa kwa siku za masomo haifiki shilingi 8. Hamri huku ni 10.

Na si yeye peke yake. Nilipoanza kuangalia nani anakwenda mferejini saa nne, nikawahesabu saba.

## Kawa

Nilichofanya mwisho kilitoka kwa mama yangu, si kwangu. Nilikuwa nalalamika jikoni, yeye anafunika sinia la chakula na kawa, lile kubwa la ukindu, akasema tu, "Si uwafunikie."

Nikamwomba sinia lake na kawa lake. Nilizungumza na mwalimu mkuu, akasema jaribu.

Ni hivi. Asubuhi kabla ya kuita majina sinia liko kwenye meza ya nyuma na kawa juu yake. Watoto wote wanapita foleni, na kila mtoto anatia mkono chini ya kawa. Aliyekuja na kitu anakiacha. Ambaye hakuja na kitu naye anatia mkono, anautoa, anakwenda kukaa. Huwezi kujua, kawa ni pana na mikono ni midogo. Saa nne tunanawa, tunafunua, tunakula pamoja kama tunavyokula nyumbani, kila mtu anachukua kilicho mbele yake. Na mimi natia mkono wangu pia, wa kwanza.

Msidhani imekwenda sawa. Kuna siku sinia linajaa, mahamri, viazi, vipande vya mofa, tende, mtu kaleta ndizi zima zima, hiyo siku darasa lina furaha ya Idi na Hisabati baada ya mapumziko inakwenda kama maji. Na kuna siku nafunua nakuta vipande 11 na pakiti moja ya biskuti, watoto 49, tunakatakata mpaka kila mmoja apate kitu cha kutia mdomoni, na hiyo siku waliokuwa wakishiba chakula chao wanabaki na njaa kidogo ili waliokuwa hawali kabisa waonje. Mzazi mmoja ameandika kwenye grupu ya darasa kwamba yeye anampa mwanawe chakula cha kumtosha yeye, si cha darasa, na mwanawe anarudi na njaa. Nimeisoma hiyo meseji mara nyingi. Sikumjibu kwenye grupu, nilimpigia. Hakukosea hata neno moja, na mimi sikuwa na jawabu la kumpa zaidi ya kumwomba anivumilie mpaka muhula uishe. Ameniambia atafikiri.

Yule mtoto wangu wa dirishani anatia mkono kila siku. Anapofika zamu yake mimi huangalia kwingine.

## Basi mbona

Kwenye mabuku nimebadilisha kitu kimoja. Kabla ya duara namwandikia mtoto jibu la alichosema. Ameandika paka wake amepotea, namuuliza amepatikana? Ameandika babake amesafiri Mombasa, naandika Mungu amrudishe salama. Halafu ndio nasahihisha. Kazi ya mapumziko mawili sasa ni ya siku tatu, mabuku yanalala kwangu, na mwenzangu mmoja ameniuliza kwa nia njema kabisa kama nitamaliza silabasi hivi. Sijui. Nimechelewa mada moja na nusu mpaka leo.

Na wiki iliyopita nikaandika ubaoni safu mbili. Upande mmoja Nyumbani, upande mwingine Kitabuni. Nikawaambia haya, nipeni. Wakaanza polepole, hawaamini kama ni kweli, mmoja akasema mai, nikaandika mai na maji. Mwingine ndia. Mwingine mato. Baadaye darasa zima wamesimama wanapiga kelele, kuteka! yana! yua! na yule mwalimu wa bara akachungulia dirishani akadhani nimezidiwa.

Kukawa na mkono umeinuka upande wa dirisha. Huyu mtoto hainui mkono.

"Mwalimu, nyinyi kwenu mwanena ndaa au njaa?"

"Ndaa," nikamwambia.

Akaniangalia. Wenzake wakanyamaza, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu ni yeye aliyeuliza.

"Basi mbona uliitia duara?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na 1928 na KPSEA na kitabu na mtihani, yote niliyoyaandika huko juu, na yote ni kweli.

"Nilikuwa naharakisha," nikamwambia. "Sikusoma vizuri. Nisamehe."

Akafikiri kidogo.

"Haya," akasema, akakaa.

Nikaiandika ndaa upande wa Nyumbani na njaa upande wa Kitabuni, kengele ikalia, wakakimbilia mferejini kunawa.